Kulia ni kwa Gari

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, lori jekundu lilianza kuzunguka uwanja wa ghala la matairi lililofungwa. Hadi saa mbili kasoro dakika kumi lilikuwa halijasimama.

Lilikuwa na urefu wa sentimita arobaini na mbili, magurudumu sita, na bodi ya bati la kopo la rangi. Springi zake Fundi Saa alizikata kwenye springi ya saa ya ukutani, mabamba membamba matano yaliyolaliana kila upande. Lilipokanyaga kipande cha mbao, gurudumu la mbele lilipanda, la kati likafuata, la nyuma likashuka taratibu, na shehena ya kokoto haikumwagika hata punje. Siku nyingine Fundi Saa angelitazama kwa raha hadi jua limchome utosini. Leo alitazama mkono ulioshika rimoti.

Mkono ulikuwa wa Shemeji, mdogo wa mkewe. Wote wawili waliitana shemeji, maana neno hilo halina mkubwa wala mdogo, lakini hapa Shemeji ni huyo mwenye rimoti, na mwenzake ni Fundi Saa, aliyetengeneza saa za watu kwa miaka thelathini na moja katika chumba chenye upana wa hatua nne.

"Simamisha kidogo," alisema Fundi Saa. "Mota itaungua."

"Ikiungua utafunga nyingine."

"Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Kuku ana nafuu, shemeji. Yai lake halijadiliwi na kamati Jumatatu saa tatu."

Lori likapita tena. Shemeji alikuwa haketi, haegemei, hasimami mahali pamoja. Alilifuata lori kwa hatua mbili, akarudi kwa tatu, akajikuna shingo pasipowasha.

Mambo yaliyothibitika yalikuwa haya. Shemeji aliendesha kreni katika kiwanda cha makalavati, yale mabomba makubwa ya zege yanayolazwa chini ya barabara. Kreni yenyewe ni daraja la chuma linalotembea juu ya banda zima. Miaka kumi na tisa aliendesha akiwa amekaa katika kibanda kilichoning'inia juu yake. Wiki saba zilizopita kiwanda kilimshusha chini na kumfunga kiunoni boksi la rimoti. Kibanda kiliachwa kule juu kitupu, na kioo chake cha mbele. Ukuta mmoja wa banda ulipakwa rangi ya njano na wa pili buluu, na boksi lilikuwa na vitufe viwili vikubwa vya rangi hizo hizo. Ukibonyeza njano, mzigo unakwenda ukuta wa njano. Hakuna cha kukosea hapo.

Siku kumi na moja zilizopita, saa nne na dakika sita asubuhi, mzigo ulikwenda ukuta wa buluu, ukagonga makalavati yaliyopangwa, moja likabiringika na kuvunja unyayo wa mpiga ishara. Mpiga ishara alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa na kiwanda kizima Mama Filimbi, kwa sababu ya filimbi iliyoning'inia shingoni mwake hata wakati wa kula. Kazi yake ilikuwa kumwelekeza mwendesha kreni mzigo uende wapi. Yeye alisema aliamuru "kulia," yaani njano, kwa aliposimama Shemeji siku hiyo. Shemeji alisema alisikia "kushoto," na kwamba mama huyo aliuita mzigo upande wake ili aupange, kisha akachelewa kuondoka. Mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa ikinguruma. Hakuna mwingine aliyesikia. Boksi lilihifadhi kumbukumbu ya kitufe, buluu, lakini boksi halina masikio.

Jumatatu kamati ingeamua ni nani aliyekosea, na kibarua cha mmoja wao kingeota nyasi.

"Mimi mkono wangu haukosei," alisema Shemeji, jicho likiwa kwenye lori. "Nilibonyeza buluu. Buluu ilikuwa kushoto kwangu. Basi alisema kushoto. Hiyo si hesabu?"

"Ni hesabu," alisema Fundi Saa. "Ndiyo maana nimeleta hii."

Akafunua shuka lililofunika jukwaa la kupakulia mizigo. Chini yake ilisimama kreni.

Alikuwa ameijenga kwa jioni mbili. Reli zilikuwa pembe za chuma za rafu, daraja lilikuwa mchirizi wa alumini wa dirisha, ndoana ilikuwa ya sindano ya kufumia. Kibanda kilikuwa kopo la majani ya chai lenye dirisha la plastiki angavu upande wa mbele. Rimoti ilikuwa na vitufe viwili, njano na buluu. Pembeni mota ndogo ilizungusha mkebe wa kokoto uliopiga kelele kama mashine ya zege iliyoingiwa na pepo.

Shemeji akaacha lori liende likagonge ukuta lenyewe. Akachuchumaa.

"Ina kioo," alisema.

"Ina kila kitu ilichokuwa nacho ile."

"Kipokezi cha redio umekitoa wapi?"

"Kwenye greda langu la rimoti."

"Greda! Greda ulilolijenga miezi kumi na minne? Umelifungua?"

"Skrubu zake zote zipo kwenye kopo."

Shemeji alichukua rimoti. Alishusha ndoana, akainua kipande cha bomba, akakipeleka njano, akakirudisha. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alicheka. "Shemeji, wewe una wazimu wenye vipimo."

Mpango ulikuwa rahisi. Usiku wa Ijumaa Fundi Saa alirusha sarafu mara ishirini na nne na kuandika amri ishirini na nne, kulia au kushoto kadiri sarafu ilivyoamua. Karatasi aliikunja. Angemsomea Shemeji amri, naye angepeleka mzigo kwenye sinia la njano au la buluu. Kama mkono haukosei, hesabu ingeonyesha, na Shemeji angeingia kwenye kamati na namba badala ya kiapo.

"Sharti moja," alisema Fundi Saa. "Leo tunafuata sheria ya kiwandani. Kulia ni mkono wako wa kulia, uliposimama."

"Unanifundisha kazi? Miaka kumi na tisa."

"Nasema ili iandikwe kwamba nilisema."

Amri kumi na mbili za kwanza Shemeji alisimama nyuma ya kreni, mahali pake pa kila siku kule kiwandani. Zote kumi na mbili zilikuwa sahihi. Kisha akahamia mbele, akitazamana na kioo cha kibanda, kama alivyosimama siku ile, kwa kuwa mahali pake palikuwa pamemwagwa zege bichi. Fundi Saa aliwasha mkebe wa kokoto. Ilimbidi apaze sauti.

"Kulia!"

Shemeji alifikiri kidogo, akabonyeza.

"Kushoto! Kushoto! Kulia! Kushoto!"

Kuanzia amri ya tatu Shemeji hakufikiri tena. Kidole kilitangulia, uso ukatulia, na mabega yaliyokuwa juu tangu alfajiri yakashuka. Alikuwa anaonekana mtu aliye nyumbani kwake. Fundi Saa aliweka alama baada ya alama, na kadiri alivyoweka ndivyo sauti yake ilivyozidi kuwa kavu. Alipomaliza akazima mota ya mkebe.

"Ishirini na nne kwa ishirini na nne," alisema Shemeji, akijifuta jasho. "Andika."

"Kumi na tano."

"Kumi na tano nini?"

"Sahihi. Za nyuma zote kumi na mbili. Za mbele tatu. Tisa umekosea."

"Haiwezekani."

"Hii hapa. Amri ya nne ya mbele niliita kulia, umepeleka buluu."

"Uliita kushoto!"

Fundi Saa alimpa karatasi iliyoandikwa Ijumaa. Shemeji aliisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba jibu lingekuwa huko, akaisoma tena.

"Uliita kushoto," alisema, sasa kwa sauti ya chini.

Fundi Saa alikuwa ameshafahamu kosa lilikotoka, na ufahamu huo haukumpendeza. Gari la rimoti lina ugonjwa mmoja. Likienda likikupa mgongo, kulia kwake ni kulia kwako. Likigeuka kuja kwako, kulia kwake ni kushoto kwako, na hapo ndipo wanagenzi wanapogonga kuta. Dawa yake ni kusahau mikono yako mwenyewe na kuingia ndani ya gari. Shemeji alipoanza mchezo huu, mwaka jana, aligonga kila kilichosimama. Fundi Saa akamtungia sheria: kulia ni kwa gari, dereva halii. Kila Jumamosi alisimama upande wa pili wa uwanja akimwitia kulia, kushoto, kulia, gari likija, gari likienda, hadi mkono wa Shemeji ukaacha kuuliza. Wakati wowote alipoona kioo cha mbele kikimtazama, kulia kuligeuka bila ruhusa yake.

Kreni ile ilikuwa na kioo cha mbele.

"Kulia ni kwa gari," alisema Fundi Saa.

"Dereva halii," alimalizia Shemeji, kwa mazoea. Kisha akasikia alichokisema. Rangi ya uso ilimbadilika, akaweka rimoti juu ya jukwaa kama mtu anayeweka kaa la moto, akaenda zake bila kuaga. Hata kofia aliisahau.

Saa saba mchana mke wa Fundi Saa alikuwa amekwisha kupigiwa simu. Alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari, na alipokasirika alisimama kama yupo mbele ya ubao.

"Ulimwita umsaidie au umzike?"

"Nilimwita nimpime."

"Mtu hapimwi kama saa!"

"Nilidhani atapita."

"Basi kosa ni la dhana yako. Chana karatasi, yaishe."

"Wewe unafundisha hesabu, mama. Mwanafunzi akikuambia uchane jibu kwa sababu halimfai?"

"Mwanafunzi si mdogo wangu. Mdogo wangu ana watoto watatu. Watakula namba zako?"

"Mama Filimbi naye ana kibarua."

"Huyo si damu yangu." Alipanga upya vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa. Baada ya muda akauliza, bila kugeuka, "Mguu wake ukoje?"

"Mifupa miwili ya unyayo. Wiki nane."

"Na wanataka kumfukuza akiwa na plasta?"

"Wakiamini alisema kushoto."

Mkewe alikwenda chumbani na kusahihisha madaftari ya wanafunzi hadi jioni, na ukurasa mmoja aliusahihisha mara mbili.

Jumapili Fundi Saa alifungua saa tatu za wateja na hakufunga hata moja. Aliinua koleo, akaliweka. Alisimama dirishani, akaketi, akasimama. Kisha akachukua daftari lake la mazoezi, ambamo kila Jumamosi ilikuwa imeandikwa, akafanya hesabu ambayo hakuna aliyemwomba. Jumamosi arobaini na sita, wastani wa amri tisini kila moja. Alikuwa amemwambia Shemeji kulia na kushoto kwa maana isiyo ya kiwandani mara elfu nne mia moja na arobaini. Aliandika jumla hiyo chini ya ukurasa wa majaribio, akatia tarehe na saini. Kama kulikuwa na kosa, lilikuwa na fundi wake.

Saa kumi na nusu Shemeji aliingia bila kubisha.

"Kofia yangu."

"Hiyo hapo."

Hakuichukua. Alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya kazi na kurudi, hatua nne kwenda, nne kurudi, na saa za ukutani zikimpigia hesabu.

"Ichane hiyo karatasi, shemeji."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote."

"Mchezo tu ule! Kreni ya kopo la chai! Watu wazima tunacheza na vijigari, halafu nikafukuzwe kazi kwa ajili ya kopo la chai?"

"Kopo halikukosea."

"Sikusema uongo," alisema Shemeji. "Nakuapia. Nilisikia kushoto. Hadi sasa nikifumba macho nasikia kushoto."

"Najua. Jana ulisikia hivyo hivyo kwangu."

Shemeji aliegemea mlango. Ilikuwa mara ya kwanza kuegemea kitu tangu Jumamosi.

"Kesho usije," alisema.

"Sijaitwa."

"Vizuri."

Akatoka. Kofia ilibaki.

Usingizi wa Fundi Saa haukuwa na lolote la kuandikwa. Jumatatu saa mbili na robo asubuhi alifunga mlango wa duka, akaweka daftari katika mfuko wa shati, akabeba kreni ndani ya sanduku la mbao kifuani. Lilikuwa zito na lilimzuia kuona miguu yake. Alipogeuka alikutana na mtu ana kwa ana.

Shemeji alivaa shati la kwenda ofisini, kola imebana.

"Unakwenda wapi na hilo?"

"Kiwandani."

"Nilikwambia usije."

"Uliniambia."

"Kwa hiyo ulikuwa unakwenda kunichongea."

"Nilikuwa nakwenda kusema nilichokiandika. Na cha kwangu pia kimo, mwisho wa ukurasa."

"Kipi cha kwako?"

Fundi Saa hakuwa na mkono wa kumwonyesha, kwa hiyo Shemeji alichomoa daftari mwenyewe kwenye mfuko. Alisoma ukurasa. Alisoma mstari wa mwisho, akahesabu kwa midomo, elfu nne mia moja na arobaini.

"Umejishitaki?"

"Nimeandika idadi."

Gari la taka lilipita. Shemeji alilitazama hadi likakata kona. Kisha akarudisha daftari mfukoni mwa mwenziwe, akashika upande wa pili wa sanduku.

"Inua," alisema. "Na ile sheria utaieleza wewe. Mimi nikisema kulia ni kushoto, watanipima pombe."

Kamati ilikuwa na watu watatu: meneja wa uzalishaji, mwakilishi wa wafanyakazi na karani wa kuandika. Mama Filimbi alikuwa amekaa karibu na mlango, plasta juu ya kiti cha pili, magongo yameegemezwa ukutani, filimbi shingoni. Alimtazama Shemeji akiingia na sanduku, akasema, "Umeniletea zawadi?"

"Subiri uione, mama," alisema Shemeji.

Alisimama kabla ya kuambiwa asimame. Alisema kwamba mama huyu aliamuru kulia. Alisema kwamba yeye alisikia kulia na mkono wake ukaenda buluu, kisha kichwa kikaanza na buluu kikarudi nyuma kutafuta neno linaloifaa, kikapata kushoto. Meneja alisema haelewi. Fundi Saa akaeleza. Alieleza polepole, akitumia kreni mezani, na alipofika kwenye kioo cha kibanda mwakilishi wa wafanyakazi alisogeza kiti.

"Ngoja," alisema Mama Filimbi. "Yaani nilisema kulia, ukasikia kulia, ukaenda kushoto?"

"Kulia kwake," alisema Shemeji.

"Kwake nani?"

"Kreni."

"Kreni ina mkono?"

Karani alicheka, akajikohoza. Mama Filimbi hakucheka. Aliomba wampe magongo, akachechemea hadi upande wa pili wa meza, akasimama nyuma ya kreni, kioo kikimwelekea Shemeji.

"Shika hiyo rimoti," alisema.

"Sasa najua, mama. Sitakosea."

"Shika."

Shemeji alishika. Meneja akawasha mkebe wa kokoto. Mama Filimbi alipuliza filimbi mara moja, kali, kama afanyavyo bandani, na kabla mwangwi haujaisha akaita, "Kulia!"

Kidole kikabonyeza. Mzigo ukaenda buluu.

Shemeji alikitazama kidole chake. Mama Filimbi aliutazama mzigo, kisha akamtazama mtu huyo waliyefanya naye kazi miaka tisa, na aliposema, sauti yake haikuwa tena ya bandani. "Maskini," alisema. "Kumbe kweli hukujua."

Mwakilishi wa wafanyakazi aliuliza iwapo kuna mtu aliyewahi kuandika mahali popote kwamba mwendesha kreni asisimame mbele ya kioo. Meneja alipekua jalada. Hakukuwa na maandishi hayo. Mwakilishi aliuliza kwa nini kibanda kitupu hakikushushwa. Meneja alisema kilikuwa katika mpango. Karani aliuliza kama aandike neno "mpango." Mwakilishi akasema aandike.

Walitolewa nje kwa dakika thelathini na tano. Katika korido Fundi Saa na Shemeji walisimama, kwa kuwa benchi lilikuwa moja na Mama Filimbi aliweka mguu wake juu yake. Simu ya Fundi Saa ililia mara mbili. Alikuwa mke wake. Hakupokea, hakuwa na jambo lililothibitika la kumwambia. Shemeji alitembea hadi kwenye mtungi wa maji na kurudi, hadi mtungini na kurudi, hadi Mama Filimbi akamwambia kama atapita tena atampigia filimbi.

Saa nne na dakika arobaini waliitwa ndani. Karani alisoma. Shitaka dhidi ya mpiga ishara limefutwa, na mshahara wake utaendelea hadi plasta itolewe. Mwendesha kreni ameondolewa kwenye kreni na kupelekwa sehemu ya kusuka nondo kwa miezi sita, kisha atapimwa upya. Amri za kulia na kushoto zinakoma bandani kuanzia leo, mpiga ishara ataita rangi. Kibanda kishushwe.

Karani aligeuza karatasi na kusukuma kalamu mbele. Mama Filimbi alisaini kwanza. Saa nne na dakika arobaini na nane, Shemeji alisaini.